Uluru: Jabali na Wasimulizi Wake

Miongoni mwa safari za basi za siku moja wazifanyazo watalii kwenda kutazama maajabu ya maumbile, ile ya kutoka mji wa Alice Springs kwenda kwenye jabali la Uluru, katikati ya bara la Australia, imo katika zile ndefu na za kuchosha. Basi huondoka kabla ya jua kuchomoza. Hushika njia kuu ya kusini kwa kilomita 200 hivi mpaka Erldunda, hapo likapinda magharibi na kwenda kilomita nyingine 240 na ushei. Jioni hurudi kwa njia ile ile, na abiria hushuka usiku wa manane wakiwa wamevuka karibu kilomita 900 za mchanga mwekundu kwa ajili ya saa chache za kulitazama jiwe. Njiani, upande wa kushoto, huzuka mlima mkubwa uliobapa juu, uitwao Mount Conner, na aghalabu abiria huanza kupiga picha kwa furaha wakidhani wamekwisha fika. Mtembezaji huwaacha kidogo wafurahi, ndipo huwaambia kwamba silo.

Katika mwendo wote huo mwenye maneno ni mmoja, naye ni huyo mtembezaji. Ameshika kipaza sauti, abiria hawana pa kwenda, na jangwa la pande mbili halijisemei. Yeye ndiye awaambiaye jiwe hilo lilitokana na nini, lilipataje jina, na ni la nani. Atakayeifuatia historia ya safari hii tangu magari ya mwanzo ataona kwamba chini ya magomvi yote yaliyotokea pale, ya ardhi, ya fedha na ya kupanda kileleni, ulikuwapo ugomvi wa usimulizi: nani aliruhusiwa kusema, na nani alikuwa na haki ya kunyamaza.

Jabali lenyewe ni la mchanga ulioshikamana ukawa jiwe. Wataalamu wa miamba wanasema mchanga huo ulimomonyoka kutoka milimani zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ukajaa bondeni, ukafunikwa na kubanwa, kisha tabaka zake zikainuliwa na kupinduliwa hata zikasimama karibu wima. Kimo chake kutoka uwandani ni mita 348, mzingo wake ni kilomita 9.4, na sehemu yake iliyozama ardhini ni kubwa kuliko hiyo ionekanayo. Kwa ndani rangi yake ni ya kijivu. Wekundu ule ulioenea duniani kwa picha ni kutu ya chuma kilichomo katika jiwe. Haya mtembezaji yeyote huweza kuyasoma kitabuni usiku mmoja kabla ya safari.

Waanangu, wenye nchi hiyo, wasemao Kipitjantjatjara na Kiyankunytjatjara, wanalo jingine. Uluru kwao ni jina la mahali tu, halina tafsiri, na ni jina la ukoo vilevile. Asili ya jabali wanaijua kwa Tjukurpa, neno ambalo Wazungu wa zamani walilifasiri kwa habari za ndoto, tafsiri isiyowaridhisha wenyewe, kwani kwao hapana la ndotoni hapo. Tjukurpa ni sheria na dini, ni nasaba na ni ramani, na makao yake ni katika inma, yaani nyimbo na ngoma zake. Beti za inma hufuatana kama mahali panavyofuatana njiani: hapa mhenga alipolala, pale alipochimba maji, kule alipopigana. Aujuaye wimbo huijua njia pamoja na visima vyake, na katika jangwa lile ujuzi wa kisima ni uhai. Mpenzi wa ushairi wa pwani hatashangaa sana kusikia hayo, maana hata tenzi zilikaa vifuani mwa watu na kusomwa mbele ya hadhara, na wengi walizihifadhi ambao hawakuwahi kumiliki karatasi yake. Ila inma ina jambo moja ambalo utenzi hauna. Utenzi ukishasomwa ni wa kila asikiaye. Inma ina wenyewe. Ziko za wanaume zisizosikiwa na wanawake, ziko za wanawake zisizosikiwa na wanaume, na ziko ambazo mtu hufundishwa kwa daraja, umri hata umri. Kuimba usichoruhusiwa ni kosa la sheria, na adhabu yake hapo kale haikuwa ndogo.

Sehemu ile isiyo siri Waanangu huitoa kwa ukarimu. Kwenye kidimbwi cha Mutitjulu, kusini mwa jabali, mgeni husimuliwa habari za Kuniya, chatu mke aliyekuja kutoka mashariki akichukua mayai yake. Mpwa wake alishambuliwa na Liru, nyoka wa sumu. Shangazi kwa hasira na majonzi akacheza ngoma ya vita, akampiga Liru kichwani pigo la kwanza, kisha la pili lililomuua. Mipasuko miwili ya jiwe inaonekana ukutani hadi leo, mmoja mfupi na mmoja mrefu. Husimuliwa pia habari za Mala, mnyama mdogo wa jamii ya kangaruu: jinsi watu wa Mala walivyofika kufanya inma yao, wakaalikwa na wengine kwenye ngoma nyingine, wakakataa kuikatiza ibada waliyokwisha kuianza; na waalikaji kwa ghadhabu wakawatumia jibwa la uchawi liitwalo Kurpany. Mahali wanaume wa Mala walipopanda juu ya jabali ndipo hapo hapo ambapo baadaye watalii walitiliwa mnyororo wapande nao.

Mzungu wa kwanza kufika alikuwa William Gosse, mpima nchi, mwezi Julai 1873. Alikuwa akitafuta njia ya kwenda pwani ya magharibi. Alipofika akalipa jabali jina la Ayers Rock, kwa heshima ya Sir Henry Ayers, mwanasiasa mkubwa wa South Australia ambaye hakuwa na uhusiano wowote na jangwa hilo. Mwaka mmoja kabla yake, Ernest Giles alikuwa ameviona kwa mbali vilima vya Kata Tjuta, maana yake vichwa vingi, akavipa jina la Olga, malkia wa Württemberg huko Ujerumani. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua tabia hii. Hans Meyer alipofika kileleni Kibo mwaka 1889, kilele kikawa cha Kaisari Wilhelm, na hakikuitwa Uhuru mpaka mwaka 1961.

Gosse hakupanda peke yake. Alifuatana na mchunga ngamia wake, jina lake Kamran, ambaye katika vitabu vya Australia huitwa Muafghani. Wachunga ngamia hao, takriban 2,000 kwa jumla, walianza kuletwa mwaka 1860, na wote waliitwa Waafghani ijapokuwa wengi walitoka Sindh, Punjab na Baluchistan. Ni nchi ile ile walikotoka askari wa Kibulushi waliowatumikia masultani wa Unguja, ambao vizazi vyao vingali visiwani. Aghlabu yao walikuwa Waislamu. Walijenga misikiti ya mabati na udongo katika vijiji vya jangwani, na msikiti wao wa mawe mjini Adelaide, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1880, ungali unasaliwa. Bila ya ngamia wao Mzungu asingaliivuka nchi ile. Reli iliyofika Alice Springs mwaka 1929 ikaitwa The Ghan, na inasemwa kwamba ni kwa kuwakumbuka. Hata hivyo katika masimulizi ya mabasi ya miaka mingi, mtu wa kwanza kulipanda jabali alikuwa Gosse, na Kamran alitajwa kwa nadra, akitajwa. Kwamba Waanangu walikuwa wamelizunguka jabali hilo kwa maelfu ya miaka ni habari iliyochelewa zaidi kuingia katika kipaza sauti.

Mwaka 1920 serikali ililitia jabali ndani ya eneo kubwa lililotengwa kwa ajili ya wenyeji asilia. Kwa miaka thelathini wageni walikuwa wachache: wapelelezi, watafuta dhahabu, wataalamu wa makumbusho, mapolisi. Miongoni mwa hao mapolisi alikuwamo Bill McKinnon. Mwaka 1934, akiwafuatia kwa ngamia watu waliomponyoka baada ya kukamatwa kwa kosa la mauaji, mauaji yaliyotendwa kwa hukumu ya sheria ya jadi, aliwakuta wamejificha Uluru. Mmoja wao, kijana aitwaye Yokununna, alipigwa risasi ndani ya pango akafa. Nduguye, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Paddy Uluru, alinusurika na kuikimbia nchi yake. Tume ilikwenda mwaka uliofuata, ikaufukua mwili, ikauchukua mpaka Adelaide, na McKinnon akatoka bila ya hatia. Alikuwa ameiambia tume kwamba hakulenga. Miaka zaidi ya themanini baadaye mwanahistoria Mark McKenna alikipata kitabu cha kumbukumbu cha polisi huyo, na humo, kwa mkono wake mwenyewe, mlikuwa mmeandikwa kwamba alipiga kwa nia ya kupata. Basi la watalii lilipoanza kufika, hakuna aliyeisimulia habari hii. Aliyebaki kuijua vyema alikuwa mbali, akiogopa kurudi.

Gari la moshi lilikuwa limekwisha kuufanya mji wa Alice Springs ufikike, na njia ya gari mpaka jabalini ilichongwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1950 mwenye mabasi mmoja wa mji huo, Len Tuit, aliwapeleka wanafunzi wa skuli kulitazama jabali. Akaona kwamba watu watalipa, na kwamba tatizo ni maji tu. Akarudi akajenga kambi ya mahema, na kufikia katikati ya muongo huo safari zake zilikuwa na ratiba. Ndivyo zilivyoanza safari za mabasi. Zilikuwa za siku kadhaa wakati huo, maana njia ilikuwa mchanga mtupu na gari lililonasa lilisukumwa na abiria wenyewe.

Serikali haikukawia kuona faida. Mwaka 1958 jabali na Kata Tjuta vilikatwa kutoka katika eneo la wenyeji vikafanywa hifadhi ya taifa, na mlinzi wa kwanza akawa Bill Harney, mzee wa porini, mwandishi na msimulizi hodari aliyewahi kuishi na wenyeji wa kaskazini kwa miaka mingi. Kwa insafu, Harney aliwaheshimu Waanangu kuliko wengi wa rika lake na hadithi alizowapa wageni jioni penye moto alizipata kwao. Lakini sauti ilikuwa ni yake. Wenye hadithi walikuwa wakihimizwa waondoke hifadhini wakakae misheni na vijiji vya mbali, wasije wakawaharibia wageni mandhari. Waliobaki au waliorejea waliuza vinyago vya mbao kando ya njia.

Miaka ya 1960 ndiyo iliyoacha alama mbaya. Hoteli ndogo zilijengwa chini ya jabali kabisa, pamoja na kambi, kituo cha mafuta na uwanja wa ndege. Takataka na maji machafu vikatupwa mlangoni pa mahali ambapo Waanangu wenyewe hawapiti bila ya ruhusa. Mwaka 1964 vilichimbiwa vigingi katika mgongo wa magharibi na kufungwa mnyororo, ili kila mwenye viatu na pumzi aweze kupanda. Mtembezaji wa zama hizo alikuwa na kazi nyepesi: kuwafikisha abiria, kuwaonesha mnyororo, kuwasubiri chini, na kuwapa cheti kwamba wamepanda. Waanangu, wakitazama mistari ya watu weusiweusi kwa mbali ikikwea jiwe jekundu, waliwapa jina la minga. Maana yake ni sisimizi. Hakuna katika fasihi yote ya utalii iliyoandikwa juu ya jabali hilo neno lililosema kweli kwa ufupi kiasi hicho.

Na watu wakafa. Wasiopungua 37 wamefariki katika kupanda huko tangu miaka ya 1950, baadhi kwa kuteleza, wengi kwa moyo kushindwa na joto. Jambo ambalo wageni walikawia kulifahamu ni kwamba kila kifo kiliwaingiza Waanangu msibani. Kwa sheria yao, aliyekufa katika ardhi yako amekufa mikononi mwako. Watu wa pwani, ambao kwao mgeni ni amana ya mwenyeji, hawahitaji kufafanuliwa hilo.

Palitokea wakati huo huo kesi ambayo haitajwi sana, nayo ni muhimu. Mwaka 1976 mtaalamu Charles Mountford, ambaye alikuwa katika ile tume ya 1935 na aliyewahi kuandika kitabu kizima juu ya jabali, alichapisha kitabu kingine kikubwa chenye picha na maelezo ya mambo ya siri aliyoaminiwa na wazee miongo kadhaa nyuma. Wanaume wa Kipitjantjatjara wakaenda mahakamani, na mahakama ikakizuia kitabu kisiuzwe katika Northern Territory, kwa hoja kwamba siri iliyotolewa kwa uaminifu haigeuki mali ya aliyeaminiwa. Kwa mara ya kwanza sheria ya Mzungu ilikiri kwamba msimulizi anaweza kujua jambo, likawa la kweli, na bado asiwe na haki ya kulisema.

Mwaka huo huo sheria ya haki za ardhi ilipitishwa. Waanangu waliokuwa wameanza kujikusanya upya pale, wakizunguka duka la Ininti lililofunguliwa mwaka 1972, walidai jabali lao. Mwaka 1979 jaji alikiri kwamba wao ndio wenye nchi kwa jadi, ila akasema hifadhi ya taifa haiwezi kudaiwa kwa sheria ile. Paddy Uluru, aliyekuwa amerudi na kutambuliwa kuwa mkubwa wa mahali hapo, alifariki mwaka huo. Hoteli za chini ya jabali zilihamishiwa mji mpya wa Yulara, nje ya mipaka ya hifadhi, mwaka 1984. Tarehe 26 Oktoba 1985 Gavana Mkuu, Sir Ninian Stephen, aliwakabidhi Waanangu hati ya ardhi yao mbele ya umati uliokusanyika chini ya jabali. Kabla ya kukabidhi, serikali ilikuwa imekwisha kubadilisha baadhi ya ahadi zake: Waanangu sharti wairudishie serikali hifadhi kwa kuikodisha miaka 99, na watalii waendelee kupanda. Hati ikapokewa kwa mkono mmoja na kukodishwa kwa mkono wa pili, siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo usimulizi ulipogeuka silaha ya wasio na silaha nyingine. Waanangu hawakuwa na uwezo wa kukataza kupanda, lakini walikuwa na uwezo wa kuomba. Waliweka ubao penye mnyororo, katika lugha mbalimbali, ukieleza kwamba wao hawapandi. Kwa lugha yao ni maneno matatu: nganana tatintja wiya. Nganana ni sisi, tatintja ni kupanda, wiya ni la. Hapana amri ndani yake. Ni mwenyeji anayemwambia mgeni desturi ya nyumba, kisha anamwachia mwenyewe atazame uungwana wake. Mwaka 1995, katika kutimia miaka kumi ya kukabidhiwa ardhi, kilifunguliwa kituo cha utamaduni, jengo la udongo lililojengwa kwa umbo la wale nyoka wawili, Kuniya na Liru. Mabasi yakaanza kupitia hapo kwanza. Wakatokea watembezaji wa Kianangu, waliosimulia kwa lugha yao huku mkalimani akifasiri, na baadhi ya wageni walilalamika kwamba maelezo ni mafupi.

Malalamiko hayo yanafaa kuangaliwa. Mtalii ameshalipa, anauliza mchoro huu maana yake nini, pango lile mbona halipigwi picha, nini kilichotendwa humo. Mtembezaji hujibu kwamba hilo halisemwi. Katika safari nyingine yoyote jibu hilo lingehesabiwa upungufu wa elimu au wa adabu. Uluru limekuwa sehemu ya elimu yenyewe. Siku hizi mtembezaji wa kampuni yoyote anayetaka kufanya kazi humo hupitia mafunzo yaliyoridhiwa na Waanangu, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni kujua pa kuishia. Maswali ya mtoto mdogo, Waanangu husema, hujibiwa kwa kadiri ya mtoto mdogo, na katika mambo ya Tjukurpa profesa wa Ulaya ni mtoto mdogo.

Ombi lilifanya kazi polepole. Katika miaka ya 1990 karibu robo tatu ya wageni walipanda. Kufikia mwaka 2015 hawakuzidi mmoja katika sita. Mpango wa hifadhi wa mwaka 2010 ulikuwa umeweka kwamba, miongoni mwa masharti mengine, wapandaji wakipungua chini ya asilimia 20 njia ifungwe. Tarehe 1 Novemba 2017 bodi ya hifadhi, ambayo wengi wa wajumbe wake ni Waanangu, iliamua kwa kauli moja kuifunga. Hapo wale waliokuwa hawana haja ya kupanda wakapata haja. Katika miezi ya mwisho kambi za Yulara zilijaa, na tarehe 25 Oktoba 2019 mamia walipanga foleni tangu alfajiri, upepo ukawachelewesha, kisha wakapanda kwa msururu mrefu kama ule uliozaa jina la minga. Siku ya pili yake, tarehe ile ile ya mwaka 1985, njia ilifungwa, na baadaye mnyororo ukang'olewa. Mstari wa weupe uliochubuliwa na nyayo za miongo sita bado unaonekana mgongoni mwa jabali.

Isidhaniwe kwamba mambo yamenyooka. Sehemu ya ada ya kuingia hifadhini huwaendea Waanangu, na hoteli za Yulara zilinunuliwa na shirika la ardhi la wenyeji asilia mwaka 2011. Hata hivyo kijiji cha Mutitjulu, kilicho upande wa mashariki wa jabali, ni maskini, na mabasi hayaingii. Juni 2007 serikali ilituma askari na maofisa katika vijiji vya wenyeji vya Northern Territory kwa jina la kuwalinda watoto, wakianzia hapo Mutitjulu, wenyeji wakihisi wamevamiwa. Mei 2017 wajumbe wa wenyeji asilia kutoka Australia nzima walikutana hapo Uluru wakatoa tamko la kuomba chombo cha sauti yao mbele ya bunge. Kura ya maoni ya Oktoba 2023 ililikataa ombi hilo kwa takriban asilimia 60. Mtembezaji aliye mwangalifu huyataja haya basi likiwa njiani kurudi, gizani, wakati abiria wengi wamelala.

Yokununna alirudi kwanza. Mabaki yake yaliyokuwa katika makumbusho ya Adelaide yalitambuliwa mwaka 2019, na Oktoba 2022, baada ya miaka 88, jamaa zake walimzika Uluru.

Na kuna vinavyorudi kila wiki kwa posta. Ni vifurushi kutoka Ulaya, Amerika, Asia na miji ya Australia yenyewe, na ndani yake mna vipande vya mawe na mchanga mwekundu uliotiwa katika chupa ndogo, vilivyochukuliwa kwa siri na abiria wa safari za siku moja, vingine miaka thelathini au arubaini iliyopita. Aghalabu vina barua. Wapo wanaoandika kwamba tangu walipochukua jiwe wameandamwa na maradhi au msiba, na wapo wanaosema tu kwamba hawakujua, sasa wameambiwa. Wafanyakazi wa hifadhi huzipokea barua na kuziweka. Mawe ndiyo taabu, kwa sababu haiwezekani tena kujua kila kimoja kilitoka upande gani wa jabali, wala ni cha wimbo wa nani.